Kwikwi

Alikuja saa kumi na moja jioni, Mwalimu Ndelilio,
na Karina ya kijivu, na hukumu tayari mdomoni:
"Giaboksi imekufa. Nimeambiwa mjini.
Fungueni tu."
Hela alizitia kwenye bahasha ya mitihani.

Pantaleo keshachuchumaa na spana namba kumi na nne.
Kijana huyu anapenda kushusha vitu.
Nikamwambia, ngoja. Mgonjwa hapasuliwi
kwa sababu jirani kasema ni ini.

Inashtuka lini, Mwalimu?
"Nikipanda."
Kupanda wapi?
"Nikianza kupandisha Kibosho."
Tupu, au na watu?
"Na watu. Na mikungu ya ndizi.
Na asubuhi ya umande ndiyo zaidi."
Umande.
Nikaliweka neno hilo mfukoni pamoja na tambara.

Nikachomoa kijiti cha oili ya giaboksi,
nikafuta, nikachovya tena:
nyekundu kama juisi ya rozela,
haina ile harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni.
Nikaweka N, nikakanyaga.
Injini ikanguruma safi, haina neno,
kama mtoto aliyekohoa usiku kucha
akifikishwa hospitali anacheza na viatu vya daktari.

Basi tukapanda nayo.
Mwalimu usukani, mimi macho kwenye mshale.
Giaboksi ikiteleza, mshale hupaa, gari hubaki:
kelele nyingi, safari hamna.
Moto wa plagi ukikatika, mshale na gari huinama pamoja,
huinuka pamoja,
kama watu wawili waliobeba kitanda mlangoni.

Viliinama pamoja.
Mara tatu kabla ya kona,
na mara moja kwa nguvu hadi miwani ya Mwalimu ikashuka puani.
Nilishajua. Lakini kujua kwa makalio
si ushahidi wa kumpa mtu mwenye bahasha.

Tuliporudi Njoro giza limeingia,
nimefungua boneti, natafuta taa,
umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna.
Pantaleo akawasha tochi ya simu.

Zima.
"Fundi?"
Zima. Keti ndani. Breki hadi chini, hendibreki juu,
tia D, kanyaga kidogo kidogo.

Nikachukua kichupa cha kunyunyizia nguo za pasi,
nikapuliza umande wangu mwenyewe.

Na pale, kwenye waya wa tatu,
palipochubuka pasionekane na jua la mchana,
cheche ya buluu ikaruka kwenye chuma.
Tki.
Na gari likakata kwikwi.
Tki, tki.
Kwikwi, kwikwi.
Moto nao una njia ya panya, Mwalimu,
kama sukari ya Holili:
mzigo ukizidi, hauendi tena kwa barabara.

Akainama kutazama.
Uso wake ukawa buluu, ukapotea,
ukawa buluu.
"Ni hicho tu?"
Ni hicho.
"Shilingi ngapi?"
Nyaya zote nne, elfu thelathini na tano. Mkono wangu kumi.

Nilidhani atacheka. Wengine hucheka,
wengine huniita mganga.
Yeye aliipapasa bahasha gizani
kama anayehesabu mbavu.
"Juzi nimeuza mtamba," akasema,
"mnada wa Weruweru.
Alikuwa na mimba ya miezi mitano."

Hakuna aliyejibu.
Injini ilikuwa ikiendelea kukata kwikwi zake.
Pantaleo alishuka, akairudisha ile kumi na nne kwenye boksi
taratibu, isigonge nyenzake.

Kisha umeme ukarudi.
Mtaa ukashangilia, redio ya kinyozi ikadakia katikati ya tangazo,
taa ya gereji ikawaka juu ya vichwa vyetu vitatu,
na cheche ikatoweka machoni,
ingawa pale pale, chini ya taa,
ilikuwa bado inaruka.